IST, RAV4, Jimny, Noah na Prado: magari ya kukodi niliyoyaendesha mkoani Tanga

Anayeshuka stendi ya Kange jijini Tanga akitafuta gari la kuendesha mwenyewe hana uchaguzi mpana kama alio nao mtu wa Dar es Salaam au Arusha, lakini magari atakayoonyeshwa yanatofautiana kiasi cha kutosha kuinogesha safari yake au kuiharibu. Ipo Toyota IST, ambayo ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Ipo RAV4 ya zamani, ile ya kati ya mwaka 2000 na 2005 ambayo mitaani huitwa Kilitime. Ipo Noah, inayochukuliwa zaidi na familia na misafara ya harusi. Ipo Suzuki Jimny, ambayo huipati kila siku, na ipo Land Cruiser Prado, ambayo huegeshwa mbele kabisa ili ionekane na kila apitaye. Mimi naishi mbali na nyumbani, huja Tanga kwa basi, na ndugu zangu wametawanyika kuanzia Pangani hadi Lushoto, kwa hiyo magari yote hayo nimeyakodi kwa nyakati tofauti, kiangazi na mvua, nikiwa peke yangu na nikiwa nimebeba wazee na watoto.

Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji awe nayo anaposoma yanayofuata. Kwa mtu atakayezunguka mkoa mzima, RAV4 iliyotunzwa vizuri ndiyo gari la kukodi. Kwa asiyekusudia kuiacha lami, IST inamtosha kabisa na fedha yake itabaki mfukoni. Prado, pamoja na uzuri wake wote, mara nyingi hukodiwa na watu wasioihitaji.

Sababu ya hukumu hiyo iko kwenye barabara zenyewe. Kutoka Tanga kupitia Muheza hadi Segera, kisha Korogwe na Mombo, ni lami tupu, na hali ni hiyo hiyo ukielekea kaskazini mpaka Horohoro kwenye mpaka wa Kenya. Mombo hadi Lushoto kupitia Soni ni kilomita 33 za lami vilevile, ila ni lami nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, yenye kona ambazo anayepanda na anayeshuka huonana wakiwa wameshakaribiana. Ukitoka Muheza kwenda Amani, kwenye msitu wa milima ya Usambara Mashariki, lami inakuaga mapema na safari iliyobaki ni vumbi, mawe na kupanda. Barabara ya Pangani, ambayo kazi ya kuiwekea lami imechukua miaka, nimeipita ikiwa vumbi, ikiwa kifusi na ikiwa mchepuko baada ya mchepuko. Ng'ambo ya Mto Pangani, kuelekea Mkwaja na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, upo udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa kiangazi ni mgumu na wakati wa masika hunasa gari lolote linaloingia bila maandalizi. Mtu anayeulizwa na mwenye gari, "Kaka, unataka gari gani?" anapaswa kwanza kujibu anakwenda wapi na mwezi gani.

IST niliyoizoea ni ya toleo la kwanza, lililoanza kuuzwa mwaka 2002, na ina jambo moja ambalo halimo katika magari mengine niliyoyataja: mshale wa spidi uko katikati ya dashibodi, hauko mbele ya dereva. Mwanzoni macho huhangaika kuutafuta, lakini kwenye barabara ya Segera mpangilio huo una faida kubwa, kwa sababu abiria wa mbele naye anaisoma spidi vizuri. Barabara hiyo ina vijiji vingi vyenye kibao cha 50, na askari wa usalama barabarani wenye tochi za kupimia spidi hupenda kukaa pale ambapo gari limeanza kuteremka lenyewe na mguu wa dereva umelegea. Mama mdogo, ambaye hajawahi kushika usukani, alinisimamia safari nzima. "Mwanangu, hamsini hiyo imepita, punguza," alikuwa akisema kila tulipokifikia kibao, na tulifika Korogwe bila kusimamishwa hata mara moja.

Kwa mafuta hakuna gari la kukodi linaloikaribia. Kwa hesabu yangu ya kujaza tangi, kuendesha na kujaza tena, ilinipa karibu kilomita 14 kwa lita katika barabara kuu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, wakati RAV4 ilinipa kati ya 9 na 10 na Noah iliyojaa watu haikufika hapo. Viti vyake vya mbele ni vya kuridhisha kwa saa mbili au tatu, kisha kiuno huanza kudai mapumziko, na nyuma wakikaa watu wazima watatu, wa katikati ndiye anayeumia. Buti yake hubeba mabegi mawili ya wastani na kikapu cha machungwa ya Muheza, basi.

Watu wengi huamini kwamba IST haipandi Lushoto. Inapanda. Jambo la kuangalia ni injini, kwa sababu IST za toleo hilo ziko za lita 1.3 na za lita 1.5, na kwenye tambarare tofauti hiyo huisikii, lakini ukifika Soni ukiwa na watu wanne ndani, ile ya 1.3 hulia kwa nguvu na gari la nyuma yako huanza kukusogelea. Ukubwa wa injini umeandikwa kwenye kadi ya gari, na mwenye gari hana sababu ya kukunyima kuiona. Kushuka ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Mombo iko chini kabisa ya safu ya milima, hivyo dereva anayeacha gia kwenye D, ile ya kawaida ya kwenda mbele, na kukanyaga breki njia nzima atazisikia breki zikinuka kabla hajaziona nyumba za Mombo. Chini ya D, IST ina 2 na L, na pembeni mwa gia kuna kitufe kinachozuia gia ya juu kabisa isiingie. Nikikibonyeza kitufe hicho tangu Lushoto, kisha nikaweka 2 kwenye kona kali zilizo chini ya Soni, injini yenyewe hulishika gari na breki naigusa kwa nadra. Wepesi wa gari hili huifanya kazi hiyo kuwa rahisi, na kwa kweli nimeshuka mlima ule kwa utulivu zaidi katika IST kuliko katika magari mawili yaliyo makubwa kuliko hilo.

Mipaka ya IST inaonekana lami inapoisha. Tumbo lake liko karibu na ardhi, magurudumu yake ni madogo, na shokapu za gari lililokodishwa mfululizo kwa kawaida zimeshachoka, hivyo kila jiwe lililochomoza linasikika chini ya miguu. Kwenda mapango ya Amboni, ambayo yako kilomita chache tu kutoka mjini, haina shida. Kwenda magofu ya Tongoni kwa barabara ya Pangani inawezekana wakati wa kiangazi ukienda polepole. Kuipeleka Amani ni kumwonea mwenye gari na kujionea wewe mwenyewe.

Amani ndiko nilikoielewa thamani ya RAV4. Tulitoka Muheza asubuhi, shangazi akiwa kiti cha mbele na watoto wa kaka yangu watatu nyuma, tukapita vijiji vya chini vyenye vumbi jekundu mpaka geti la Sigi, pale ilipo nyumba ya zamani ya msimamizi wa stesheni ya reli ya Wajerumani, na baada ya hapo barabara ikaanza kupanda ndani ya msitu kwa kona zisizokwisha. Kivuli cha miti huizuia njia isikauke, kwa hiyo hata wakati ambapo Muheza haijaona mvua kwa wiki kadhaa, juu huko utakuta sehemu zenye utelezi na mawe yaliyofunikwa na majani. RAV4 ilipita yote hayo bila dereva kufanya lolote la ajabu. Hakuna kitufe cha kubonyeza wala mkono wa pili wa gia wa kuvuta, kwa sababu ile ya lita 2.0 huvuta kwa magurudumu yote manne muda wote, na pale tairi moja la mbele linapoteleza, ya nyuma yameshalisukuma gari. Tulipofika penye mashamba ya chai shangazi alisema, "Mwanangu, hili gari halituchoshi kama lile la mwaka jana," akimaanisha Jimny, na kwa mzee mwenye magoti mabovu hiyo ndiyo tathmini ninayoiamini kuliko yangu. Kimo cha kiti cha RAV4 kinamruhusu kuingia bila kuinama na bila kupanda, jambo ambalo IST iliyo chini sana na Prado iliyo juu sana haziwezi kumpa.

Hapa kuna tahadhari ambayo mkodishaji hatakwambia usipouliza. RAV4 za umri huo hazifanani. Zile zenye injini ya lita 1.8 huvuta kwa magurudumu ya mbele peke yake, ingawa kwa nje, kwa rangi, kwa kimo na kwa tairi la akiba lililofungwa mlangoni, huwezi kuzitofautisha na zile za lita 2.0. Nimewahi kuletewa ya lita 1.8 baada ya kuahidiwa fowili, yaani gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Angalia kadi ya gari, au ukipenda kuwa na uhakika zaidi, chuchumaa nyuma ya gari na utazame chini: gari linalovuta kwa magurudumu yote lina propela shafti, yaani chuma kirefu kinachozunguka, inayotoka mbele, na difu, kasha la gia linalogawa nguvu, katikati ya magurudumu ya nyuma, na lisilovuta hivyo huoni kitu hapo zaidi ya bomba la moshi. Kwa safari ya Horohoro, ile ya lita 1.8 haina ubaya wowote. Kwa Amani baada ya mvua si gari unalolitaka.

Kasoro za RAV4 zipo. Mlango wake wa nyuma hufunguka kwa ubavu na ni mzito kwa sababu ya tairi la akiba, hivyo ukiegesha ukiwa umeukaribia ukuta huwezi kutoa mzigo, na gari likiegeshwa kwenye mteremko mlango hurudi na unaweza kumpiga mtoto. Bushi za mbele zikichoka, usukani hutetemeka kuanzia spidi ya 80 na kuendelea. Kiyoyozi cha gari la miaka zaidi ya ishirini ni bahati nasibu, na kwa joto la Tanga la Februari mtu asikubali kuambiwa kwamba "kinahitaji gesi tu". Iwashe injini, weka kiyoyozi, subiri dakika tano ukiwa umesimama juani, kisha uamue.

Jimny niliyoendesha ilikuwa ya lita 1.3, ya kizazi kilichotangulia hiki cha sasa kilichotoka mwaka 2018. Ni gari dogo lenye chesisi ya ngazi, yaani fremu ya chuma iliyoundwa kama ngazi, na fowili halisi, yenye gia ya chini ya kuvutia kwenye tope na mawe, na kwenye njia nyembamba za juu ya Lushoto, zile ambazo gari likikutana na jingine ni lazima mmoja arudi nyuma, sijaona linaloishinda. Lakini umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita mbili na robo tu, na ufupi huo ndio unaoipa wepesi mlimani na ndio unaowatesa abiria kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati. Kwenye barabara kuu basi linapokupita kwa kasi unausikia upepo wake ukilisogeza gari. Viti vya nyuma vikikaliwa, nafasi ya mizigo haipo tena. Naipendekeza kwa watu wawili wenye begi moja moja wanaotaka kufika mahali pagumu, na simpendekezei mtu yeyote aliye na mzazi wake ndani ya gari.

Kabla ya kufika kwenye magari makubwa, nataka kusema neno refu kidogo kuhusu matairi, kwa sababu nimeona tofauti kubwa zaidi kati ya RAV4 mbili zenye matairi tofauti kuliko kati ya RAV4 na Prado. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara lililorefuka, mbili za kwanza zikiwa ni wiki na mbili za mwisho zikiwa ni mwaka lilipotengenezwa, kwa hiyo tairi lenye 2314 lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama meno yake bado yanaonekana mapya. Magari mengi hushushwa bandarini yakiwa na matairi yaliyokwisha kukaa miaka huko Japani, na mengine huja na matairi ya theluji, ambayo mpira wake ni laini na meno yake yamekatwakatwa mistari midogo midogo. Juu ya lami ya moto ya Muheza tairi la namna hiyo huisha haraka, na kwenye breki za ghafla gari huserereka zaidi ya unavyotarajia. IST moja niliyokabidhiwa ilikuwa na mawili ya theluji mbele na mawili ya kawaida nyuma. Niliikataa pale pale, na mwenye gari, ambaye kwa haki alikuwa mtu muungwana, akaniomba saa moja, akaenda kwa fundi akarudi na matairi manne yanayofanana.

Mwingine hakuwa hivyo. Aliniambia tairi la akiba limejazwa upepo, akalipiga kwa kiganja mbele yangu likalia vizuri, na tulipopata pancha katikati ya mashamba ya mkonge kwenye njia ya Pangani tukakuta kwamba jeki haina mpini wake na wili spana haiingii kwenye nati za gari lile. Vijana waliokuwa wakipita na pikipiki walitusaidia mpaka jioni. Tangu hapo sikubali kuondoka bila kuona jeki ikiinua gari na spana ikilegeza nati moja, na wenye magari wazuri hawaoni vibaya kuombwa hivyo.

Bima nayo iangaliwe kwa macho. Uliza kama gari lina bima kubwa au lina ile ya kumfidia mtu wa tatu peke yake, kisha uliza kama bima hiyo imekatwa kwa matumizi ya kukodisha. Magari kadhaa yanayokodishwa yana namba za njano, ambazo ni za gari binafsi, na si nyeupe za biashara, na bima yake pia huwa imekatwa kwa matumizi binafsi, jambo ambalo huonekana dogo mpaka siku ya ajali. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, ina mfumo wa mtandaoni ambao mtu huingiza namba ya gari na kuona kama bima ipo hai, na kazi hiyo inamalizika kabla mwenye gari hajamaliza kukuhesabia masharti yake. Kuwepo kwa mtungi wa kuzimia moto na pembetatu mbili za kuakisi mwanga sina haja ya kukueleza, kwa kuwa askari wa kwanza utakayemkuta ataviulizia.

Noah naielezea kwa ufupi kwa sababu inajieleza. Tuliichukua kwenda harusini Korogwe tukiwa watu wanane, na kwa safari hiyo ilikuwa sahihi kabisa: milango ya pembeni inayoteleza huwaruhusu akina mama kushuka na mavazi yao bila kuyaburuta, kiyoyozi kina matundu ya nyuma, na gari hutulia barabarani. Ninayoizungumzia ni ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 2001, yenye injini mbele, na si ile iliyoitangulia ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele na huwapasha joto dereva na jirani yake njia nzima. Viti vya mstari wa tatu vikiwa vimekaliwa, mizigo haina mahali, na ndoo za pilau tulizipakata. Nisingeipandisha Lushoto ikiwa na watu wanane. Nimeona Noah nyingi zikifanya hivyo, na nimeona pia zikiwa zimesimama Soni zikitoa moshi kwenye magurudumu ya mbele wakati wa kushuka.

Tukija kwenye Prado, ile niliyoikodi ilikuwa ya kizazi cha kati ya mwaka 2002 na 2009, ya dizeli ya lita 3.0, na bei yake kwa siku ilikaribia mara tatu ya IST. Nilikuwa na sababu ya kuilipa. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na kaka yangu alikuwa na wageni aliotaka wapelekwe Saadani kwa njia ya Pangani, hifadhi ambayo ndiyo pekee nchini yenye tembo na ufukwe wa Bahari ya Hindi mahali pamoja. Tulijaza mafuta Pangani mjini kabla ya kuvuka, kwa sababu ng'ambo ya mto si mahali pa kutegemea kupata kituo, kisha tukasubiri kivuko, ambacho wakati huo ndicho kilichokuwa njia ya gari kufika Bweni, ng'ambo ya pili. Abiria walishuka wakatembea kwa miguu, nami nikaiingiza Prado peke yangu. Kwenye mwinuko ule wa chuma kati ya ardhi na kivuko, gari fupi kwa kimo hugusa bampa, na Prado ilipita bila kusikika.

Baada ya Mkwaja ndipo udongo mweusi ulipoanza. Gari la mbele yetu lilikuwa limeacha mifereji miwili iliyojaa maji, na pembeni yake palionekana pakavu lakini palikuwa laini zaidi. Niliisimamisha Prado kabla ya kuingia, nikaweka gia ya chini, nikafunga difu ya katikati ili mhimili wa mbele na wa nyuma izunguke kwa nguvu moja, nikaingia kwa mwendo wa kutembea bila kuongeza wala kupunguza mafuta. Matope yalipiga vioo vya pembeni, usukani ukawa mwepesi kwa muda kiasi cha kutia hofu, lakini gari halikusita. Mmoja wa wageni aliuliza kama tunge­pita kwa RAV4. Nilimjibu kwamba mwezi Agosti ningeijaribu bila wasiwasi, kwa kuwa njia hiyo hiyo ikikauka ni ngumu tu na yenye mabonde, lakini siku ile tungelala pale.

Huo ndio mzani ninaoutumia juu ya Prado. Wakati wa masika, kwa njia ya Saadani, inastahili kila shilingi inayotozwa. Kwenye lami ya Segera ni gari la starehe ambalo hutumia mafuta mengi zaidi kukufikisha saa ile ile, kwa kuwa kibao cha 50 hakimjui mwenye Prado, na kwenye kona za Soni uzito wake unakufanya uzihurumie breki. Zipo pia Prado za petroli zenye injini ya V6 ya lita 4.0, na anayepewa hiyo ajue kwamba gharama ya mafuta inaweza kumshangaza kuliko bei ya kukodi. Jambo jingine ni usafi: baada ya Saadani nilitozwa fedha ya kuosha gari ambayo haikuwamo kwenye mkataba, na mjadala wake ulituchukua muda mrefu kuliko kukabidhiana funguo. Siku hizi naomba iandikwe mapema kama gari linarudi na vumbi lake au linarudi limeoshwa, pamoja na kiwango cha mafuta, na nalipiga picha pande zote nne, mshale wa mafuta ukiwemo, mwenye gari akiwa amesimama hapo hapo.

Safari yetu ijayo ni ya Mtae, kule Usambara Magharibi inapoishia kwa kaskazini, ambako baada ya Lushoto mjini ni saa kadhaa za vumbi na kona. Watakuwemo shangazi na watoto, kwa hiyo Jimny haimo katika mazungumzo, na itakuwa Septemba, kwa hiyo Prado haina haja. Nimeshamwomba mwenye RAV4 wa Ngamiani aniwekee ile ya lita 2.0, na amekubali kubadilisha matairi mawili ya nyuma kabla sijafika.